Evans Njoroge hakuwa mpita njia

Februari 2018 iliondoka na wanafunzi wawili. Wa kwanza aliuawa Dar es Salaam tarehe 16. Wa pili aliuawa Meru tarehe 27. Siku 11 tu katikati. Wote wawili walipigwa risasi wakati polisi wakikabiliana na watu walioandamana.

Mfanano unaishia hapo. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), alikuwa ameketi ndani ya daladala huko Kinondoni. Alikuwa safarini kupeleka barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kazini. Wafuasi wa Chadema walikuwa barabarani, polisi wakafyatua risasi, moja ikampata yeye. Maandamano hayakumhusu hata kidogo.

Evans Njoroge yeye alikuwa katibu mkuu wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kile kilicho Nchiru, kando ya barabara ya kwenda Maua. Makomredi walimwita Kidero, jina la gavana wa kwanza wa Nairobi ambaye naye aliitwa Evans. Wanafunzi walikuwa wamegoma wakilalamikia karo na huduma mbovu chuoni. Njoroge hakuwa anapita. Hakuwa ameenda dukani kununua mkate. Hakuwa amejipata katikati ya vurugu kwa bahati mbaya. Mgomo ulikuwa wa wanafunzi waliomchagua, na malalamiko yao yalikuwa kazi yake.

Mashuhuda walisimulia kwamba alifukuzwa hadi nje ya chuo na akapigwa risasi shambani. Si langoni, si mbele ya ofisi ya naibu chansela. Shambani.

Nimewaweka hawa wawili pamoja kwa sababu ya sentensi moja ambayo sisi Wakenya tumeizoea kupita kiasi. Kila kijana akiuawa kwenye maandamano, kitu cha kwanza familia na marafiki hulazimika kusema mbele ya kamera ni: "Hakuwa hata anaandamana." Alikuwa anatoka kazini. Alikuwa ametumwa. Alikuwa anauza maji, barakoa, peremende. Alikuwa anaangalia tu. Tulisikia hivyo baada ya Juni 25, 2024, na tukasikia tena mwaka uliofuata. Mara nyingi ni kweli kabisa, na mzazi aliyefiwa ana haki ya kuusema ukweli huo kwa sauti.

Lakini hebu sikiliza kinachosemwa chini ya sentensi hiyo. Ikiwa utetezi wa marehemu ni kwamba hakuwa anaandamana, basi yule aliyekuwa anaandamana tunamtetea vipi? Tumeshakubali, bila kujua, kwamba risasi yake ilikuwa na maelezo. Polisi hawajatuuliza hilo. Tumewapa wenyewe, bure.

Kwa hiyo Njoroge ni mtihani. Kumlilia Akwilina hakuhitaji ujasiri wowote, moyo tu unatosha. Rais John Magufuli mwenyewe alituma rambirambi na kuagiza uchunguzi. Kumlilia Njoroge kunakulazimisha useme jambo gumu zaidi: kwamba mtu anaweza kuwa kiongozi wa mgomo, akawa na kelele, akawa mwiba kwa wakubwa wa chuo, na bado asistahili kufa.

Ni rahisi kusahau kiongozi wa wanafunzi hufanya nini hasa, maana tunamwona tu akiwa amebebwa mabegani siku ya kura. Katibu mkuu ndiye anayeandika barua. Alama zimepotea, anaandikiwa yeye meseji. Pesa za HELB zimechelewa na mwanafunzi anakaribia kufungiwa nje ya mtihani, anagongewa mlango usiku. Hosteli haina maji siku tatu, anatukanwa yeye kwanza kabla ya msimamizi. Halafu asubuhi anaingia kwenye ofisi yenye zulia, anaambiwa "tutalishughulikia", na anarudi kuwaeleza watu elfu kadhaa kwamba ameambiwa litashughulikiwa. Mara ya nne akirudi na jibu hilohilo wanamwambia amenunuliwa. Anayedhani migomo ya vyuo huanzishwa na kiongozi mmoja mwenye kiu ya sifa hajawahi kukaa kwenye kiti hicho. Mara nyingi kiongozi ndiye wa mwisho kukubali mgomo, maana jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye barua ya kumfukuza.

Na kiti chenyewe kilikuwa kimedhoofishwa. Mabadiliko ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliondoa kura ya moja kwa moja na kuleta mfumo wa wajumbe: wanafunzi wanachagua wajumbe, wajumbe wanachagua viongozi. Waliounga mkono walisema itapunguza fujo na pesa za kampeni. Huenda. Lakini pia ilipunguza uzito wa kiongozi mbele ya utawala, kwa sababu ni rahisi kuelewana na wajumbe wachache kuliko na chuo kizima. Mwanafunzi anayeona njia ya ofisini imezibwa, na chama chake kimefungwa mikono, atatafuta njia ya barabarani.

Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Meru ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kabla ya hapo kilikuwa tawi la JKUAT. Jirani yake, Chuo Kikuu cha Embu, kilipata hati mwaka 2016 baada ya kulelewa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Enzi hizo vyuo vilikuwa vinazaliwa kila kaunti, na kila mzazi wa Tigania au Runyenjes alikuwa na ndoto ya mtoto kusoma bila kwenda mbali. Watoto walikuja kwa maelfu. Hosteli, maabara na maji havikuja kwa kasi hiyohiyo. Sasa unapata chuo ambacho kila muhula kina sababu mpya ya kulalamika, kimezungukwa na mashamba na kituo kidogo cha polisi ambacho maafisa wake wamezoea wezi wa mifugo na ugomvi wa mipaka. Mgomo ukizuka, anayeitwa ni huyohuyo askari, na bunduki yake ni hiyohiyo.

Jibu la serikali baada ya kifo cha Njoroge lilikuwa la kiutawala kwanza. Waziri wa Elimu wakati huo, Amina Mohamed, aliagiza naibu chansela akae kando. Wanafunzi walikuwa wakimlalamikia, kwa hiyo wengi walishangilia. Mimi nadhani tulishangilia mapema. Naibu chansela akikosea kwenye karo, anaondolewa kwa sababu ya karo. Risasi ni suala la aliyeifyatua na aliyemtuma. Ukiyachanganya mawili hayo, unapata picha ya haki iliyotendeka huku swali la kwanza likiwa bado mezani.

Wapo watakaosema: lakini wanafunzi hurusha mawe. Ni kweli, hurusha. Huchoma pia. Sina haja ya kujifanya kwamba kila mgomo ni maombi ya asubuhi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda maandamano ya amani, ya watu wasio na silaha, na anayevunja dirisha la maktaba ameondoka kwenye ulinzi huo. Ila tazama anaenda wapi akiondoka. Anaenda kortini. Haendi mochari. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 ina jedwali zima linaloeleza ni lini afisa anaweza kutumia bunduki, na msingi wake ni kwamba njia nyingine ziwe zimeshindikana na kuna hatari. Mtu anayekimbia akielekea shambani, akiwa amewapa polisi mgongo, amehatarisha maisha ya nani? Ya migomba?

Labda utafikiri ugonjwa huu wa "hakuwa anaandamana" ni wetu peke yetu. Si wetu. Mfano wake ulioandikwa kwa undani zaidi duniani uko Marekani, jimbo la Ohio, chuo kinachoitwa Kent State. Mwisho wa Aprili 1970, Rais Richard Nixon alitangaza kwamba majeshi yake yaliyokuwa Vietnam yameingia Cambodia. Vyuo vikalipuka. Kent, jengo la mafunzo ya kijeshi lilichomwa, gavana akaleta wanajeshi wa akiba. Mchana wa Mei 4, wanajeshi hao walifyatua risasi 67 kwa sekunde 13. Wanafunzi wanne walikufa, tisa wakajeruhiwa. Kati ya wale wanne, aliyekuwa karibu zaidi na bunduki alikuwa umbali wa takriban mita 80. Hiyo ni karibu urefu wa uwanja wa mpira.

Allison Krause na Jeffrey Miller walikuwa wanapinga vita. Sandra Scheuer na William Schroeder hawakuwa waandamanaji. Walikuwa wakipita kati ya kipindi kimoja na kingine, na Schroeder mwenyewe alikuwa kwenye mafunzo ya uafisa wa jeshi yaliyokuwa yakiendeshwa chuoni. Ungedhani habari hiyo ingewanyamazisha waliosema wanafunzi walijitakia. Wapi. Kura ya maoni ya Gallup iliyofanywa siku chache baadaye ilionyesha asilimia 58 ya waliohojiwa wakiwalaumu wanafunzi, na asilimia 11 pekee wakiwalaumu wanajeshi. Kufika Oktoba mwaka huo, jopo la mashtaka la jimbo lilikuwa limewafungulia mashtaka watu 25, wengi wao wanafunzi. Mwanajeshi hata mmoja hakuwemo. Tume iliyoundwa na Rais mwenyewe ilisema kufyatua risasi hakukuwa na sababu wala udhuru. Haikusaidia sana.

Hapo ndipo ninapotaka tuangalie kwa makini. Kuwepo kwa wapita njia wawili kati ya wanne hakukufanya lawama iende kwa aliyefyatua. Kulifanya iende kwa waandamanaji: nyinyi na mabango yenu mmesababisha hawa wasio na hatia wafe.

Sasa rudi Dar es Salaam uone kama hadithi si ileile. Askari sita walikamatwa baada ya kifo cha Akwilina, kisha faili likafungwa kwa hoja kwamba haikuweza kujulikana nani hasa alifyatua. Waliofika mahakamani ni viongozi wa Chadema, Freeman Mbowe na wenzake, kwa mashtaka yaliyotokana na maandamano yaleyale. Machi 2020 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani na kuwatoza faini ya jumla ya shilingi milioni 350 za Tanzania, wananchi wakachanga. Juni 2021 Mahakama Kuu ikafuta hukumu hiyo. Miaka mitatu na zaidi, kifo cha msichana aliyekuwa ameketi kwenye daladala kilikuwa kinawasumbua walioandamana kuliko waliobeba bunduki.

Kwa hiyo ukitegemea upita njia wa marehemu ukuletee haki, unaweza kushangaa umefikishwa upande wa pili kabisa.

Lakini kuna kesi moja hapa kwetu inayoonekana kunipinga, nayo iko Embu. Usiku wa Agosti 1, 2021, wakati wa kafyu ya korona, ndugu wawili walikamatwa Kianjokoma, kwenye miteremko ya majani chai ya Mlima Kenya. Benson Njiru alikuwa na miaka 22, Emmanuel Mutura 19. Wote walikuwa wanafunzi, mmoja Chuo Kikuu cha Kabarak, mwingine Don Bosco, na walikuwa nyumbani wakiendesha biashara ya kuchoma nyama. Kosa lao lilikuwa saa. Familia iliwatafuta, ikawapata mochari ya hospitali kuu ya Embu. Polisi walisema vijana wale waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Nchi nzima ilisimama, na kabla Agosti haijaisha maafisa sita walikuwa wamekamatwa kwa agizo la Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Noordin Haji, ili washtakiwe kwa mauaji.

Ilikuwa haraka kwa viwango vya Kenya. Na sababu moja ya haraka hiyo ni kwamba hakukuwa na namna ya kuwachafua. Hawakuandamana, hawakurusha jiwe, hawakuandika chochote mtandaoni. Walikuwa wanafunga biashara yao.

Sawa. Ila Kianjokoma kuna kifo cha tatu. Siku chache baada ya ndugu wale kupatikana, wakazi waliandamana kudai haki yao, polisi wakafyatua risasi, na kijana mwingine akafa. Jaribu kuwauliza marafiki zako watano kuhusu Kianjokoma. Watakutajia ndugu wawili, pengine kwa majina. Sidhani kama mmoja wao atamkumbuka yule wa tatu. Kijiji kimoja, wiki moja, polisi wa eneo lilelile. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa ameingia barabarani.

Kifo chake kilikuja kwa sababu ya kuwalilia wale wengine. Kama kuna mtu alipaswa kukumbukwa pamoja nao, ni yeye.

Tabia hii si ya jana. Wazazi wetu waliokuwa vyuoni miaka ya tisini watakumbuka Desemba 1996, wanafunzi walipouawa kwa risasi katika vyuo vya Egerton na Kenyatta. Watakumbuka pia Solomon Muruli wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefia chumbani mwake kwenye moto Februari 1997, baada ya kudai kwamba alitekwa na kuteswa na kumtambua afisa mmoja wa polisi. Na kabla yao Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi cha Nairobi mwaka 1982, aliyefungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi na kufia gerezani mwaka 1988. Viongozi hawa wana kitu kimoja: ukitaja majina yao kwa mwanafunzi wa leo, anakuuliza ni nani hao. Hatuwafundishi. Tunafundisha mashujaa waliokufa kabla ya 1963, basi.

Kwa nini ni muhimu sasa, miaka hii yote baadaye? Kwa sababu mambo yaliyomfikisha Njoroge barabarani bado yako palepale, na mengine yameongezeka. Mfumo mpya wa kufadhili masomo ulioletwa mwaka 2023 uliwaacha wanafunzi wengi wakikisia wamewekwa kwenye kundi gani la umaskini na kwa kipimo gani. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, serikali ikakata rufaa, mwanafunzi akabaki katikati na bili ya karo mkononi. Mgomo ujao wa vyuo hauhitaji mchochezi. Unahitaji tu tarehe ya mwisho ya kulipa.

Na upande wa pili umejifunza mbinu nyingine. Desemba 2024, Embu mjini, kijana wa miaka 24 alichukuliwa na watu wasiojulikana alipokuwa akisubiri kunyolewa kwa kinyozi. Kinyozi, jamani. Alirudi nyumbani Januari 6, 2025, siku moja na wengine waliokuwa wametekwa kipindi hicho. Watu waliunganisha kutekwa kwake na picha za kumkejeli Rais mtandaoni. Ukisoma maoni ya wakati ule utaona mgawanyiko uleule: nusu wanasema ni mtoto mzuri asiye na neno, nusu wanasema angeheshimu wakubwa. Ni wachache waliosema kwamba hata kama alichapisha picha hizo na kuzichora mwenyewe, kuna kituo cha polisi, kuna hati ya mashtaka, kuna hakimu.

Kisha Julai 9, 2025, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba, Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Waliopiga makofi siku ile walikuwa na biashara akilini, na nawaelewa. Meru yenyewe ilikuwa imeshuhudia duka kubwa likiteketea siku ya Saba Saba. Aliyejenga duka miaka 20 na kulipoteza mchana mmoja hawezi kuambiwa atulie asome Katiba. Lakini kwenye umati wa watu 2,000, askari aliyesimama mita 80 anamjua vipi aliyebeba kibiriti? Na mguu wa mtu anayekimbia ni shabaha ndogo sana.

Tatizo jingine ni nani anayechunguza. IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi, ipo kwa sheria ya mwaka 2011 na imefanya kazi ya maana, lakini inategemea polisi walewale kuilinda sehemu ya tukio, kuhifadhi maganda ya risasi na kuonyesha kitabu cha nani alipewa bunduki ipi. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya wachunguzi huru wa vifo mwaka 2017, mwaka mmoja kabla ya Njoroge kuuawa. Miaka ikapita sheria ikiwa kwenye karatasi bila ofisi. Kama huduma hiyo ingekuwa Meru siku ile, mtu asiyevaa sare angefika Nchiru siku hiyohiyo, angepima shamba, angeuliza risasi ilitoka upande gani. Hatungehitaji kubishana kuhusu tabia ya marehemu, kwa sababu tungekuwa tunazungumzia mwelekeo wa risasi.

Nadhani hiyo ndiyo sababu hasa maswali ya tabia huja haraka hivi. Hujaza nafasi ya ushahidi. Unapokosa ripoti ya bunduki, unabaki na swali la kama alikuwa mtulivu, kama alihudhuria kanisa, kama alikuwa na deni la karo. Mama anaulizwa mwanawe alikuwa mtu wa aina gani, naye anajibu kama anayeandika barua ya kumwombea kazi.

Agosti 2025, Rais alitangaza mpango wa kuwalipa fidia waathiriwa wa maandamano tangu mwaka 2017, na akaunda jopo chini ya Profesa Makau Mutua kuuratibu. Kabla jopo halijaenda mbali, kesi ilifunguliwa Kerugoya na mahakama ikalisimamisha kwa muda. Waliolalamika walisema kazi hiyo ni ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Tuache ubishi wa nani ashike kalamu. Yeyote atakayeishika atalazimika kuandika orodha, na orodha itahitaji maana ya neno "mwathiriwa".

Mwaka 2018 umo ndani ya kipindi hicho. Ndugu wa Kianjokoma hawakuwa kwenye maandamano, kwa hiyo mtu wa makaratasi anaweza kuwaacha nje kwa hoja hiyo. Kijana wa tatu alikuwa kwenye maandamano, kwa hiyo mwingine anaweza kumwacha nje akidai alikuwa mhuni. Na Njoroge? Mgomo wa karo Nchiru, wa wanafunzi, usio na chama cha siasa nyuma yake, katibu mkuu akiwa miongoni mwao. Kuna watakaosema ule haukuwa maandamano ya umma, ulikuwa utovu wa nidhamu chuoni. Wanafunzi wa Meru na Embu walio chuoni leo wanaweza kuanza kwa kuuliza jina lake liko ukurasa gani.